Naomba ushauri: nataka kuirudia Devdas ya 2002 na mchumba wangu, tuiangalieje?

mkwezi_wa_jioni
Wakuu habari za jioni. Nimecheki Devdas ya Sanjay Leela Bhansali, ile ya Shah Rukh Khan, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, na mpaka sasa haijanitoka kichwani. Sijawahi kuona muvi imepambwa vile jamani, chumba cha Paro (mpenzi wa Devdas, Aishwarya) vioo vya rangi kila upande, zile sari, kule kwa Chandramukhi (yule kahaba mcheza ngoma, Madhuri) kando ya maji na taa zake, unatamani kusimamisha picha uangalie tu. Ila niliyoipata ni ya kutafsiriwa, DJ anaongea mwanzo mwisho. Mchumba wangu anasema ni nguo na vilio, na Devdas ni muoga tu. Mimi naona ni kudra, yeye na Paro wamependana toka utotoni lakini hawakuandikiwa. Wikiendi nataka tuirudie wote, tuangalie nini humo ndani? Na nani yuko sahihi?

binti_makorora
Mkuu kwanza tafuta ya Kihindi yenyewe yenye maandishi chini. Ule muziki wa Ismail Darbar ndo unaoibeba, DJ akiufunika lazima shemeji aone nguo tu, simlaumu. Halafu muifuatilie ile taa ya Paro, anaiwasha Devdas akiwa London na haruhusu izimike miaka yote kumi, kila ikitokea angalia nani yuko karibu nayo na upepo unatokea wapi.

Msomaji wa Usiku
Mimi niko na shemeji. Paro kamfuata Devdas mpaka kwao usiku, kaweka heshima yake rehani, mama yake naye kadhalilishwa mbele za watu na ukoo wa kina Devdas, na jamaa anaondoka zake Kolkata anamwandikia barua kwamba hapakuwa na mapenzi. Hiyo barua kudra ndo imeishika kalamu? Hata lile geti la mwisho, Devdas anakufa nje na Paro anakimbia kumfuata, linafungwa kwa amri ya mume wa Paro, watu kabisa wanalisukuma. Ndo maana zile nyumba nzuri zinaniuma, zile nguzo na zile kuta zote ni jina la ukoo, na hakuna anayekubali jina lichafuke ili watoto wawili waoane.

mzee_wa_sinema
Vijana wangu, hiyo hadithi ni riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, ilitoka 1917. Kwenye riwaya Paro na Chandramukhi hawakutani kabisa, ile ngoma ya Dola Re Dola wanayocheza pamoja kaiweka Bhansali, na kwangu ndo sini kubwa kuliko zote, wanawake wawili wanaompenda mtu mmoja na hawagombani. Mkimaliza hiyo tafuteni ya Bimal Roy ya 1955, ya Dilip Kumar, picha nyeusi na nyeupe. Pale hakuna rangi za kukushika macho, unabaki na uso wa mtu anayejimaliza kwa pombe, na swali lako la kudra utaliona upya.

mkwezi_wa_jioni
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Hapo kwenye barua Msomaji umenishika, nilikuwa nimeipita. Sasa ina kama saa tatu, tuigawe siku mbili?

binti_makorora
Msigawe mkuu. Pumzikeni Paro akishaolewa, mle, mrudi.