Mjadala: Ruzuku ya ubunifu kwa wajasiriamali wadogo, fedha ashike nani?

Mchumi wa Ihumwa (mleta mada)
Wakuu, kule Ireland serikali inaipa kampuni ndogo vocha, ilianza ikiwa ya euro 5,000. Mwenye kampuni hapewi taslimu. Anaipeleka chuo kikuu au taasisi ya utafiti, anaeleza tatizo lake, wanamtatulia, serikali inawalipa waliofanya kazi. Sisi tuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), ile iliyosimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024. Mkopo unarudishwa. Nani atakopa ili akalipie maabara? Naona tuwe na ruzuku ya namna hiyo, ianzie Dodoma na Singida kwenye alizeti na zabibu. Maana tuseme ukweli, mafuta yanayopangwa barabarani Kibaigwa kwenye chupa za maji za kuokota yana mashapo kama chai isiyochujwa. Karibuni.

Mama Mashudu
Ndugu mleta mada, za kuokota? Ulituona wapi tukiokota? Mimi nanunua chupa mpya, na vizibo vyake, kabla sijauza hata lita moja. Watoto wangu wamesoma kwa mafuta hayo unayoyaita chai. Ungeleta mada yako bila kututukana ingepungukiwa nini?

Kijana wa Chang'ombe
Mama, heshima yako. Ila chupa zilizotumika zipo, tusifichane. Nilinunua njiani, nilipokaanga mihogo yakaumuka povu mpaka jikoni pakachafuka. Tangu siku hiyo nanunua ya dukani.

Mama Mashudu
Uliyanunua kwangu? Basi usinijumuishe.

Fundi wa Kizota
Mnagombania chupa, kumbe mashapo na povu, yote mawili yana sababu na dawa yake. Lile wingu linalotuama chini ni nta, inatoka kwenye maganda ya alizeti. Mwezi wa sita na wa saba Dodoma ikipiga baridi, inaganda na kuonekana wazi. Punguza maganda kabla ya kukamua, acha mafuta yapoe na kutulia kwenye tangi, ndipo uchuje taratibu. Povu ni unyevu na utelezi uliobaki ndani ya mafuta ghafi. Ukitia maji ya moto kidogo na kukoroga, ule utelezi unashuka chini na maji, unauondoa, kisha unayapasha mafuta unyevu uishe. Kiasi gani cha maji, joto gani, hapo ndipo anahitajika mtu wa kupima. Wengi wetu tunakisia kwa macho.

Mama Mashudu
Ahsante sana fundi. Sasa niulize, mbona semina zote nilizoitwa hakuna aliyeniambia hili? Tulifundishwa kuandika andiko la biashara, tukapewa cheti, tukapigwa picha. Mwezeshaji hakuuliza hata mashine yangu ni ya aina gani.

Mstaafu wa Area C
Vijana mnapenda kubeza. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ilianzishwa kwa sheria ya 1986. MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa, inashindanisha wabunifu tangu 2019. Mjasiriamali mdogo anachukua barua ya utambulisho SIDO, anakwenda nayo TBS, shirika la viwango, kuomba alama ya ubora. Njia zipo, watu hawataki kufuatilia. Mkileta ruzuku nyingine zitaliwa na madalali wa kuandika maandiko, nimeyaona hayo nikiwa kazini.

Kijana wa Chang'ombe
Mzee shikamoo. Hakuna aliyebeza. MAKISATU inamtuza aliyebuni kitu. Huyu mama hajabuni kitu, ana mafuta yenye nta. Anaingia shindano gani? Na kusema watu hawataki kufuatilia, mzee wangu, unamwambia mtu anayefunga mashine kutwa nzima ili apande basi kuja mjini kuulizia barua.

Mstaafu wa Area C
Marahaba. Sisi tulifuatilia kwa miguu.

Mkulima wa Mpunguzi
Na zabibu? Mleta mada umezitaja mara moja ukaziacha. Msimu wa zabibu tunavuna wote kwa pamoja, mnunuzi anajua haziwezi kulala, anapanga bei anavyotaka. Mimi sihitaji mtaalamu wa kuniambia zabibu ni tamu. Nahitaji pa kuzihifadhi. Na hao wa alizeti wasisahau 2023 bei ilivyoporomoka wakati mafuta ya nje yamejaa madukani. Hapo vocha ingesaidia nini?

Mchumi wa Ihumwa
Mkulima, kubuni namna nafuu ya kuhifadhi ndiyo hasa kazi ambayo vocha inalipia. Kuhusu chupa, msimamo wangu ni uleule. Chupa angavu ikipigwa na jua mafuta yanachacha, na vitamini A ambayo kanuni zinataka iongezwe inaharibika. Mkiyauza juani kutwa nzima, mteja anabeba hasara.

Mama Mashudu
Hilo la jua nimelielewa. Kivuli nitaweka. Chupa ya rangi nioneshe inapouzwa kwa bei ambayo mteja wa basi ataikubali.

Na ruzuku ikija, nasema wazi: isipitie kwa mtu wa kunichagulia mtaalamu. Nikabidhiwe hiyo vocha mkononi, nimchague mwenyewe, aje kiwandani Kibaigwa aione mashine ikikamua, na asilipwe mpaka mafuta yamekaa kwenye baridi yakabaki safi. Akishindwa, niipeleke kwa mwingine.

Mstaafu wa Area C
Na mtaalamu atakula nini wakati anasubiri mafuta yako yatulie?

Kijana wa Chang'ombe
Mzee, alipwe nusu kwanza, ya nauli na vipimo, nusu nyingine kazi ikikubalika. Mafundi ujenzi wote wa Dodoma wanalipwa hivyo.

Fundi wa Kizota
Mama, mbegu unayokamua ni ya aina ya Rekodi au chotara? Maganda hayalingani. Na mashine yako ina chujio lake au unachujia kitambaa?

Mama Mashudu
Naletewa zimechanganyika, fundi. Kitambaa.