Nimepigwa tableti ya kuchezea michezo ya mezani: boksi linasema Android 13, ndani ni 8.1!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Laki mbili na themanini zimekwenda, na tableti iliyo mbele yangu haifungui hata mmoja kati ya michezo tuliyoinunulia.

Tuko wanne, kila Jumamosi jioni tunakutana barazani kwa kaka yangu Temeke. Tulianza na bao la kete, baadaye tukanogewa na michezo ya kupanga vigae kama Carcassonne, ule wa Ujerumani wa mwaka 2000 wenye vigae 72. Boksi lenyewe kuliagiza, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni kilio. Tukakubaliana tuchange, tununue tableti moja kubwa, tuilaze mezani tucheze kwa zamu. Mimi ndiye niliyetumwa na hela za watu.

Dukani Kariakoo nilimwambia kijana waziwazi: nataka ya kuchezea gemu za mezani, Android ya karibuni, inchi 10. Akanionyesha boksi, Android 13, RAM 8GB. Akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio, kweli pameandikwa 13. Nikalipa.

Nafika nyumbani, nafungua Play Store: "haioani na kifaa chako". Mchezo wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu ukakubali kushuka, ukaganda kwenye nembo dakika nzima, kisha ukajifunga wenyewe. Nikaweka programu ya kusoma vifaa vya ndani. API, yaani namba ya ndani ya toleo la Android, ni 27! Wakuu, API 27 ni Android 8.1, ya mwaka 2017. RAM ni 2GB. Mfumo ni wa biti 32. Maana yake kuna mtu alikaa chini akabadilisha maandishi ya ukurasa wa "Kuhusu", ili mteja anayekagua dukani aridhike atoe hela. Huo ni wizi uliopangwa, msiniambie ni bahati mbaya.

Simu tumeshafundishwa kuzihakiki tangu feki zilipozimwa mwaka 2016, unatuma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 unajibiwa. Tableti ya Wi-Fi tupu haina IMEI ya kutuma kokote. Ndiyo maana huko ndiko wauza feki walikohamia.

Na kioo nacho! Filamu unaitazama ukiwa mbele yake, lakini mchezo wa mezani watu wanauzunguka pande zote, kwa hiyo kioo lazima kionekane kutoka kila pembe. Hiki ni cha TN, kinachofifia ukikitazama kwa pembe, si IPS kinachoonekana pande zote. Nilipata programu ya bao iliyokubali kufunguka, nikailaza katikati ya meza. Aliyekaa upande wa chini anaona mashimo yote 32 vizuri. Aliye mkabala wake anaona giza, lile shimo la nyumba lenye kete sita kwake ni doa. Kuna mzee jirani yetu, kwa bao hatumwezi hata mmoja. Aliinamisha shingo mara tatu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sasa mimi ninamue kwa kubahatisha?" Sikuwa na jibu. Nikaizima.

Najua wapo watakaokuja na "ungenunua iPad tu". Sawa, lakini semeni ukweli wote. iPad za mitumba za bei ya hela yetu nyingi ni zile kuukuu. iPad Air ya kwanza, ya 2013, iliishia iOS 12, haipandi zaidi. Na iOS 11 ilipotoka 2017, programu zote za biti 32 zilikoma kufunguka, hata kama ulizilipia. Halafu mchezo uliolipia Play Store hauhami kwenda App Store, unalipa upya. Tableti mpya za Huawei nazo, tangu vikwazo vya Marekani vya 2019, zinakuja bila huduma za Google, na za Amazon Fire zina duka lake lenyewe. Kwa hiyo mfumo na toleo lake ndilo jambo la kwanza kuulizia, kabla ya bei, kabla ya rangi ya kava. Na ndilo winga, yule kijana wa kuvuta wateja, anakupeleka nalo mbio usilifikirie: anakutajia GB, anakuwekea protekta bure, unaondoka unatabasamu.

Nilirudi dukani Jumatatu. Nikajibiwa, "Mali ikishatoka dukani hairudi, na mbona inawaka?" Inawaka! Kwani nilinunua taa?

Risiti ya EFD ninayo, boksi ninalo, picha za API nimepiga. Jumamosi narudi mara ya mwisho nikiwa na wenzangu wote watatu, wakikataa tena nalipeleka Tume ya Ushindani, maana kuandika 13 juu ya 8.1 ni bidhaa bandia kama bandia nyingine yoyote.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Mwenye tableti ya inchi 10, kioo cha IPS, inayofungua michezo hii leo hii, aniandikie modeli yake na API aliyoisoma kwa macho yake. Ya kwenye boksi sitaki kuisikia.