Mtoto wa wiki mbili, usiku halali. Tufanyeje?

Shangani_Mpya: Wakuu, mtoto ananyonya maziwa ya mama tu. Mchana analala fofofo, ikifika saa nne usiku macho kodo mpaka saa kumi. Bibi yake anasema maziwa hayamtoshi, tumkorogee uji mwepesi. Na joto hili la Mtwara, umeme ukikatika ndio kabisa.

MkungaKusini: Uji hapana. Maji hapana, dawa ya chango pia hapana, mpaka miezi 6. Maziwa kutosha hakupimwi kwa kilio: hesabu mikojo, iwe 6 au zaidi kwa saa 24, na uzito kwenye kadi uwe umerudi ule wa kuzaliwa. Anyonye mara 8 hadi 12, usiku na mchana.

Mchana asipitishe muda wa saa 3 bila kunyonya. Akisinzia mvue nguo, mpanguse nyayo kwa kitambaa kibichi. Usiku taa hafifu, maneno machache. Nepi ibadilishe kati ya ziwa la kwanza na la pili; ukingoja amalize, unamwamsha aliyekwisha lala.

Tazama na anavyoshika ziwa: kidevu kimegusa, mdomo wa chini umebinuka nje, weusi wa chuchu unaonekana zaidi kwa juu. Ukisikia ta-ta-ta anameza hewa. Usimvute, penyeza kidole safi pembeni mwa mdomo, aachie, muanze upya.

Baba_Newala: Gawaneni zamu. Mama akishanyonyesha, baba amcheulishe na kumlaza chali, bila mto, chandarua kimechomekwa chini ya godoro. Usisinzie naye kwenye kochi, ni hatari kuliko kitandani. Joto gusa kisogoni, si viganjani: pana jasho, punguza nguo. Huko kwenu nepi na fulana ya pamba zinatosha. Huku Newala mwezi wa saba ongeza nguo moja. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama wazee wanasisitiza, hewa yake ya sumu haina harufu.

Shangani_Mpya: Asanteni. Bibi nitaongea naye taratibu 😅 Kilio cha kukimbizia hospitali ni kipi?

MkungaKusini: Kilio chenyewe si kitu sana, mkimya ndiye wa kuogopwa. Akigoma kunyonya, akilegea, joto likifika 38, mwili ukiwa wa baridi, au pumzi zikifika 60 kwa dakika akiwa ametulia, ondokeni usiku huohuo. Msingoje kuche.