Naomba ushauri: konea yangu ina mikroni 488, je, leza itanifaa?

Binti_Mwenge: Habari za majukumu, wanajamvi. Nina umri wa miaka 27 na ninavaa miwani ya -7 macho yote mawili. Nikiivua, siitambui hata sura ya mtu aliyesimama mbele yangu. Nataka kufanyiwa leza ili niachane na miwani. Kliniki moja imenipima unene wa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho, ambayo leza huichonga) ikapata mikroni 488, yaani chini kidogo ya nusu milimita, wakati wastani ni takriban 540. Daktari amesema atailinganisha leza na unene huo: atakata kifuniko (tabaka la juu la konea linalofunuliwa) cha mikroni 110, kisha atapunguza kipenyo cha eneo la kuchongwa kutoka milimita 6.5 hadi 6 ili konea isiliwe sana. Je, hilo linatosha?

Mzee_Upanga: Binti yangu, miwani haijamwaibisha mtu. Mimi nimezeeka nayo, nimesomesha watoto nayo, na ninamshukuru Mungu. Vijana mnapenda kujaribu kila kinachokuja.

FundiLenzi: Shikamoo mzee, ila dada ameuliza kuhusu hesabu. Kwa kipenyo cha milimita 6, kila dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) hula takriban mikroni 12, kwa hiyo -7 itakula 84. Ukitoa 84 na 110 katika 488, chini ya kifuniko zinabaki 294. Kiwango cha chini kilichozoeleka ni 250, ingawa madaktari wengi hupendelea 300. Tena 194 zitakazoguswa ni karibu asilimia 40 ya konea yote, na kuanzia hapo hatari ya konea kulegea na kuchomoza hupanda. Kipenyo kikiwa kidogo, usiku mboni ikitanuka unaweza kuona miduara ya mwanga kwenye taa za magari. Hata hivyo, yote haya hayana maana ikiwa umbo la konea lina kasoro. Ramani ya konea ilionyesha nini? Katika familia yenu yupo mwenye keratokonasi, yaani ugonjwa wa konea kukonda na kuchomoza?

Mama_Ilham: Mimi nilifanyiwa ile isiyo na kifuniko, ambayo utando wa juu wa konea huondolewa kwanza. Siku za mwanzo macho yaliwasha na kutoa machozi mno, lakini leo ninaendesha gari bila miwani.

Binti_Mwenge: Jicho la kulia lilikuwa sawa. La kushoto, ramani ilionyesha doa jekundu (rangi ya sehemu iliyochongoka zaidi) upande wa chini, na daktari alisema huenda ni kwa sababu ya lenzi laini nilizovua asubuhi ileile. Kaka yangu ana keratokonasi, lakini yeye alikuwa akisugua macho tangu utotoni kwa sababu ya mzio. Naomba tusilikuze jambo hili. Malipo ya awali nimeshatoa na likizo nimeshapewa.

Kisauni_Kwetu: Samahani, uzi huu ninautilia shaka. Anayekumbuka kipenyo hadi nusu milimita anawezaje kumsahau kaka yake wa tumbo moja? Isije ikawa kisa kimetungwa ili kuitangaza kliniki.

Binti_Mwenge: Sijatunga chochote, na kliniki sijaitaja. Sikumtaja kaka kwa sababu nilijua mngenikataza kabla ya kunisikiliza. Kama kifuniko ndicho tatizo, si nifanyiwe kama Mama Ilham?

FundiLenzi: Hata kikitungwa, kitasomwa na mwenye macho kama hayo, kwa hiyo ninajibu. Njia ya Mama Ilham huacha konea nene zaidi, lakini konea iliyoanza kuchongoka upande wa chini haipunguzwi kwa njia yoyote. Acha lenzi kwa wiki 2 angalau, kisha upimwe ramani upya na daktari ambaye hujamlipa. Doa likibaki, ulizia lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho, ambayo haichongi konea, mradi nafasi iliyo mbele ya lenzi yako ya asili iwe na kina cha kutosha. Malipo ya awali, omba yarudishwe leo.