Haisi yenye injini ya 3L inachemsha mlimani: niitengeneze au ninunue injini nyingine?

Mwenye Haisi, Iringa

Wakuu, habari za kazi. Ninamiliki Toyota HiAce ya mwaka 1996 yenye injini ya dizeli isiyo na turbo, ya aina iitwayo 3L, ambayo kwa miaka sita imekuwa ikinibebea mizigo ya duka kati ya Morogoro na Iringa. Kwa miezi miwili sasa, kila ninapopanda Kitonga nikiwa na mzigo, mshale wa joto huanza kupanda kabla sijafika katikati ya mlima, na hunilazimu kuegesha na kusubiri. Mjini halichemshi kabisa, hata nikikaa kwenye foleni kwa nusu saa.

Kila safari linapoteza maji kama lita moja, lakini sijawahi kuona tone hata moja chini ya gari. Oili ni safi, haijawa na rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi hutoa moshi mweupe kwa dakika mbili au tatu, kisha unakoma. Jambo linalonishangaza ni kwamba mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na limepoa. Niseme pia kwamba fundi wa zamani aliitoa themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta), na maji ninayotumia ni ya kisima.

Fundi wangu wa sasa anasema injini imechoka, ninunue nyingine ya mtumba. Bei yake inakaribia theluthi ya thamani ya gari lenyewe, ndiyo maana nimeona niulize kwanza.

Fundi Dizeli, Mbeya

Ndugu, usinunue injini kabla hujajua kilichoifanya hiyo ichemshe, kwa sababu ukiifunga injini mpya kwenye rejeta ileile, nayo utaiua.

Maelezo yako yanatosha kuanzia. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likitembea, kwa kawaida tatizo lake ni feni. Lako ni kinyume: linavumilia foleni, linashindwa pale injini inapofanya kazi nzito kwa muda mrefu, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni rejeta iliyoziba. Maji ya kisima yenye chumvi huacha gamba ndani ya mirija, na gamba hilo huzuia joto kutoka hata kama maji bado yanapita.

Mpira mgumu asubuhi ni habari nyingine. Maji yakipoa husinyaa, kwa hiyo mpira unapaswa kuwa laini. Ukiukuta mgumu, ina maana kuna hewa iliyoingizwa humo kwa nguvu, nayo kwa injini ya dizeli hutoka sehemu moja tu: ndani ya silinda. Ama gasketi ya silinda hedi (kiziba kilicho kati ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na bloku, mwili wake) imeanza kupitisha, ama hedi ina ufa. Ninavyoona, una matatizo mawili, na la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Lipime hivi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi mdomoni, kisha washa gari na uangalie. Mapovu machache ya mwanzo hayana neno, lakini yakiendelea kutoka bila kukoma, ujue ni moshi wa silinda. Ili kujua ni silinda ipi, mwambie fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma taratibu, ili silinda hiyo isipate dizeli. Silinda ambayo ikizimwa mapovu yanapungua, ndiyo hiyo. Asiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, kwa sababu ina nguvu ya kupenya ngozi.

Kuhusu themostati, kuitoa si tiba. Kama ni ya aina yenye kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato, ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani hali inakuwa mbaya zaidi. Rudisha mpya, na kile kipini chake kidogo kinachocheza kikae juu ili hewa ipate pa kutokea.

Mfuniko wa rejeta nao ubadilishe. Ni kitu cha bei ndogo ambacho watu hukidharau. Mfuniko mzima wa 0.9 (kipimo cha shinikizo unalolizuia) hufanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118, lakini ukilegea, huko juu Iringa, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yatachemka kabla hata ya kufika nyuzi 100.

Abiria wa Zamani, Dodoma

Mimi nilifuata ushauri kama aliokupa fundi wako. Nilinunua injini ya mtumba ikiwa juu ya godoro la mbao, haijawashwa mbele yangu, na baada ya miezi minne ilianza kuchemsha vilevile. Rejeta ilikuwa ileile. Aidha, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini una safari ya TRA pia, jambo ambalo muuzaji hatakukumbusha.

Mwenye Haisi, Iringa

Nashukuru sana. Tumepima leo na mapovu hayakukoma. Tulipolegeza nati ya silinda ya tatu, yakapungua mara moja. Hedi itafunguliwa kesho. Je, nikienda dukani nikaomba gasketi ya 3L inatosha?

Fundi Dizeli, Mbeya

Haitoshi, na nimefurahi umeuliza. Gasketi za injini hii hutengenezwa kwa unene tofauti, zikitofautishwa kwa alama, na unaopaswa kutumika hutegemea pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Mwenye duka atakupa iliyopo rafuni. Fundi apime uchomozaji wa pistoni zote nne kwa saa ya kupimia, kisha ndipo uende dukani.

Hedi ya 3L ni chuma cha kusubu, nzito, lakini haipendi kumwagiwa maji baridi ikiwa ya moto sana. Nyufa nyingi ninazoziona kati ya valvu chanzo chake ni dereva mwenye haraka na dumu la maji. Ipelekwe ikapimwe ufa kwa shinikizo kabla ya kusawazishwa, maana hakuna faida ya kulipia kuchonga hedi iliyopasuka. Boliti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kipimo. Na kwa kuwa mkanda wa taimingi utakuwa umeshatolewa, usirudishe wa zamani.

Mwenye Haisi, Iringa

Narudi na majibu baada ya wiki mbili. Hedi haikuwa na ufa. Pete ya chuma ya gasketi kwenye silinda ya tatu ilikuwa imeungua, na kilionekana kijia cheusi chenye upana wa njiti ya kiberiti kilichoelekea kwenye tundu la maji. Fundi rejeta alipofungua tangi la juu, alikuta mirija mingi ya upande mmoja imejaa gamba gumu lenye rangi ya kutu, kiasi kwamba waya haukupita. Nimeweka rejeta nyingine, themostati, mfuniko na kulanti (maji maalumu ya rejeta). Kutoa hewa kwenye njia za maji kulitusumbua hadi tulipoegesha gari pua ikitazama juu ya kilima, hita ikiwa imefunguliwa yote.

Juzi nimepanda Kitonga na mzigo wa kawaida, na mshale haukuvuka nusu. Asubuhi yake mpira wa juu ulikuwa laini, na maji kwenye chupa ya akiba yalikuwa palepale kwenye mstari niliouchora kwa kalamu.