Deki ya DVD na risiva ya bei nafuu: picha ipo, spika za nyuma ziko kimya

Mwuliza Swali

Ndugu wajuzi wa mambo ya sauti, naomba msaada wenu. Nimeunganisha deki ya DVD na risiva ya bei nafuu yenye spika tano na sabufa, kwa kutumia ule waya wa vichwa vitatu, yaani njano, nyekundu na nyeupe. Picha inapitia kwenye risiva hadi kwenye televisheni bila tatizo, lakini sauti inatoka kwenye spika mbili za mbele na sabufa tu. Ya katikati na zile za nyuma ziko kimya. Nikibonyeza kitufe cha mitindo ya sauti kwenye rimoti, spika zote zinalia, ila maneno ya waigizaji yanasikika hata nyuma yangu, na hilo linanikera kuliko ukimya wenyewe.

Nilijaribu pia HDMI, kutoka kwenye deki hadi kwenye risiva na kutoka kwenye risiva hadi kwenye televisheni. Picha ilikuwa safi zaidi, lakini spika za risiva hazikutoa sauti yoyote. Nyuma ya deki kuna tundu la rangi ya chungwa lililoandikwa COAXIAL, na risiva inalo kama hilo. Je, risiva ina hitilafu, au kuna jambo la kurekebisha kwenye mpangilio?

Fundi wa Spika

Ndugu, kwa maelezo yako sioni kifaa kilichoharibika. Vichwa vyekundu na vyeupe hubeba chaneli mbili tu, ya kushoto na ya kulia, kwa hiyo deki hulazimika kuzichanganya chaneli zote za filamu ziwe mbili kabla ya kuzitoa. Kile kitufe cha mitindo huiagiza risiva ikisie, kutokana na chaneli hizo mbili, ni sauti ipi iende katikati na ipi iende nyuma. Mtindo kama Pro Logic II hukisia vizuri na kuyaweka maneno kwenye spika ya katikati, lakini mtindo wa stereo kwa spika zote hurudia sauti ileile kila kona, na nadhani huo ndio unaokukera.

Kuhusu HDMI, risiva nyingi za bei nafuu, hasa za miaka ya mwanzo ya teknolojia hiyo, hufanya kazi ya swichi tu: hupokea picha na sauti, kisha huvipeleka kwenye televisheni bila kuigusa sauti. Ikiwa wakati ule sauti ilikuwa inatoka kwenye spika za televisheni yenyewe, basi risiva yako ni ya namna hiyo.

Tumia tundu la rangi ya chungwa. Waya mmoja unatosha kwa chaneli zote, kwa sababu sauti hupita ikiwa imebanwa: Dolby Digital ya DVD, yaani mfumo wa kubana sauti ya filamu, haizidi kilobiti 448 kwa sekunde, ilhali stereo isiyobanwa ya kilohezi 48 na biti 16, ambayo njia hiyo huibeba bila shida, huhitaji kilobiti 1,536. Kama huna waya maalumu, chukua ule wa njano wa picha, maana nao umetengenezwa kwa omu 75 kama inavyotakiwa. Ule mwekundu wa sauti unaweza ukafanya kazi katika umbali mfupi, lakini mimi sipendi kuuamini.

Mpenda Filamu

Naunga mkono, lakini kuchomeka waya peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakadhani risiva ni mbovu. Ingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya sauti, utafute mstari wa sauti ya dijitali. Ukikuta umewekwa PCM, deki itaifungua sauti yenyewe na kutuma chaneli mbili tu, nawe utarudi palepale ulipoanzia. Weka BITSTREAM, ambayo baadhi ya deki huiita RAW, ili sauti itoke ikiwa bado imebanwa na risiva ndiyo iifungue. Mara nyingi DTS, mfumo mwingine wa kubana sauti, ina mstari wake peke yake, nao huwa umezimwa.

Kisha hakikisha risiva inasikiliza tundu hilo. Huenda tundu la COAXIAL limepewa jina la chanzo kingine kwenye menyu yake, hata kama wewe umechagua DVD kwenye rimoti. Mwisho, angalia menyu ya diski yenyewe, kwa kuwa nyingine huanza na sauti ya stereo mpaka uchague 5.1, yaani chaneli tano na ile ya sabufa. Kioo cha risiva kikionyesha Dolby D, ujue umefika.

Mzee wa Waya

Mimi ningeongeza jambo moja kuhusu picha. Kwa risiva ya aina hii hakuna sababu ya kuipitisha picha humo. Toa HDMI kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye televisheni, na sauti ipite kwenye COAXIAL hadi kwenye risiva. Utaweza hata kutazama risiva ikiwa imezimwa. Waya wa njano huchanganya mwanga na rangi katika njia moja, ndiyo maana uliona HDMI ni safi zaidi, ingawa picha ya DVD yenyewe inabaki na nukta 720 kwa 576 kwa diski za mfumo wa picha wa PAL, au 720 kwa 480 kwa zile za mfumo wa NTSC, hata deki ikiikuza kiasi gani.

Mwuliza Swali

Asanteni sana, wakuu. Deki ilikuwa kwenye PCM. Nimeweka BITSTREAM, kioo kimeonyesha Dolby D, na mvua ya kwenye filamu sasa inanyesha nyuma yangu huku maneno yakibaki mbele. Picha nimeipeleka moja kwa moja kama alivyoshauri Mzee wa Waya, lakini sasa naona sauti inatangulia midomo kidogo. Nifanyeje?

Fundi wa Spika

Hiyo ni kwa sababu televisheni huchukua muda kuichakata picha, wakati sauti inafika kwenye risiva mara moja. Tafuta kwenye menyu ya risiva au ya deki mpangilio wa kuchelewesha sauti, wenye neno DELAY au LIP SYNC, uanze na milisekunde 40, ambazo ni sawa na fremu moja ya picha ya PAL, kisha uongeze kidogo kidogo huku ukimtazama mtu anayezungumza akiwa karibu na kamera. Usichanganye na ucheleweshaji wa spika za nyuma, ambao unahusu umbali wa kila spika na mahali unapokaa. Kama vifaa vyako havina mpangilio huo, weka televisheni kwenye hali ya michezo ya video, kwani hupunguza uchakataji wa picha na pengo hupungua.