GPS kwenye kayaki: iwe ya akiba au ndo tuitegemee?

Kasia Mbili: Wadau habari zenu, mi napiga kayaki hapa Unguja, natoka mjini naenda kisiwa cha Changuu, siku nyingine naunganisha mpaka kisiwa cha Bawe. Natumia dira na alama za nchi kavu kama wavuvi walivyonifundisha, sasa wiki iliyopita mvua ikanikuta katikati, mji siuoni, Changuu siioni, nimebaki na dira tu na moyo unanienda mbio. Nimenunua GPS ndogo ya mkononi. Mnaitumiaje bila kuiacha dira? Na simu haitoshi?

Chumvi: Pole sana kaka. Simu inashika setilaiti hata huna bando, ila ramani uwe umeshaidaunlodi nyumbani. Shida kioo kikilowa maji ya chumvi hakisikii kidole. Mi GPS naiwasha kabla sijasukuma chombo, nasevu pointi ya pale nilipoondokea, alafu naizima naiweka kwenye mfuko usioingia maji, nimeufunga na kamba. Simu usiiweke karibu na dira, spika yake ina sumaku, sindano inapotea.

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, dira inakwambia pua ya chombo imeelekea wapi, haikwambii maji yanakupeleka wapi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, hapo maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 na yote yanapita kati ya hivyo visiwa, unaweza kupiga kasia nusu saa pua iko Bawe kumbe unaenda upande. Sie tulishika alama mbili, moja mbele moja nyuma yake, zikiachana tu ujue umesukumwa. Alama zikifichika GPS ndo inashika kazi hiyo: soma unakokwenda kweli, linganisha na dira, ile tofauti ndo mkondo, basi rudisha pua kuelekea unakotoka mkondo. Jifunze siku ya jua, usingoje mvua.

Chumvi: Na ramani yako ya karatasi kama ni zile za zamani za Tanzania cheki pembeni, nyingi zimeandikwa Arc 1960, GPS inakuja na WGS84, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kupima mahali kwenye ramani, usipobadilisha setingi ya GPS ifanane na ramani unapishana kama mita 300, kwenye miamba hizo ni nyingi mno.

Kasia Mbili: Shikamoo mzee, ahsante sana, hiyo ya kulinganisha na dira sikuijua kabisa. Chumvi nimecheki, yangu ni Arc 1960 kweli. Jumamosi maji mafu, hayapandi wala kushuka sana, naenda kujaribu Changuu, nani twende wote?